Kengele kwenye Kona ya Mparachichi

Mzee Lukasi alikuwa na kazi ambayo majirani zake wa Kisiba hawakuielewa vizuri. Kila mara alitoka mjini Tukuyu kwa baiskeli akiongozana na mgeni asiye na mzigo wala haraka, wakapanda vilima na kushuka mpaka kijijini, wakala, kisha akamrudisha mjini. Majirani waliijua baiskeli kwa kubebea mikungu ya ndizi. Mtu mzima kujitesa kwenye milima ya Rungwe mpaka pumzi zikate, halafu aseme yuko likizo, waliona ni mambo ya watu wasio na shamba. Lukasi naye moyoni aliwaunga mkono. Lakini kazi ilimtoa nyumbani, na hilo ndilo alilolitaka.

Alhamisi moja mgeni alikuwa mmoja tu, muuguzi wa Morogoro aitwaye Tausi, mama wa miaka hamsini na kitu, aliyesema amechoka kupumzika kwa kukaa. Waliondoka Tukuyu ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya chai. Tausi alipewa baiskeli ya gia. Lukasi alipanda yake ya siku zote, isiyo na gia yoyote, yenye keria pana na kengele ya chuma aliyoisugua kila Jumapili kabla ya ibada. Penye mlima mkali alishuka na kusukuma, akimweleza mgeni kwamba anashuka ili aone mandhari vizuri. Tausi alimtazama, akacheka, naye akashuka kuona mandhari.

Kwa kawaida Lukasi alikuwa msemaji, tena wa kuongeza chumvi. Siku hiyo maneno yalimwishia kabla hawajafika Mpuguso, kwa kuwa kichwani alikuwa anajizoeza neno moja tu. Neno lenyewe lilikuwa "baki".

Alitaka kumwambia Atuganile, mkamwana wake. Huyo alikuwa mjane wa Obed, mtoto pekee wa Lukasi, aliyefariki kwa ugonjwa wa figo miaka mitatu nyuma. Tangu siku hizo ule ua ulikuwa na watu wawili, mzee katika nyumba yake ya mianzi na mjane katika nyumba ya matofali, hatua ishirini kati yao, wala hapakuwa na mtoto wa kupita katikati. Sasa Erasto, kaka yake Atuganile, alikuwa anakuja Jumamosi kumchukua arudi kwao Kyela. Mchungaji ndiye aliyeleta habari, na aliongeza kwamba Atuganile mwenyewe amesema mzee akimwambia abaki, atabaki. Mchungaji alileta habari hiyo Jumatatu, na mpaka Alhamisi Lukasi alikuwa hajajibu.

Mtu angesema si avuke tu hizo hatua ishirini akaongee naye. Lakini Lukasi na Atuganile hawakuwa wamewahi kusemezana hata siku moja. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto na baba wa mume hawakutani. Hawatazamani, hawapishani njiani, hawatajani majina. Wengi siku hizi wameacha, na wapo wakwe wanaokaa benchi moja kanisani wakishirikiana kitabu cha nyimbo. Atuganile alilelewa na mama aliyeishika sana desturi hiyo, na Lukasi aliona aibu kuwa wa kwanza kuivunja. Mwaka ukapita, ukaja mwingine, ikawa miaka minane tangu harusi.

Hivyo kila alipokuwa anarudi, akifika kwenye kona ya mparachichi, Lukasi alipiga kengele mara mbili, akasimama, akavuta pumzi kumi taratibu. Ndiyo nafasi aliyompa mkamwana wake ya kuingia ndani. Alipofika ukumbini alikuta chakula juu ya kigoda, kimefunikwa kwa kawa, cha moto bado. Miaka yote hiyo alikula chakula cha mtu ambaye uso wake aliujua kwa picha ya harusi tu.

Baada ya Mpuguso walipumzika juu ya kilima, mahali Lukasi anapowasimulia wageni habari za vijiji vya zamani. Alianza kama alivyozoea. Vijana wa rika moja walipopevuka, alisema, walitoka kwa baba zao wakaenda kujenga kijiji chao wenyewe kilima cha pili. Waliishi humo mpaka uzeeni, marafiki kwa marafiki. Akamwonyesha Tausi kwa kidole safu ya miti mikubwa ng'ambo ya bonde, palipokuwa kijiji cha rika la babu yake. Sababu mojawapo, alisema, ilikuwa mambo ya wakwe. Kijana akioa, mkewe akae mbali na baba mkwe, kila mmoja atembee kwa uhuru kwake.

Wageni wengi hapo hupiga picha. Tausi alimenya ndizi, akafikiri.

"Mzee Lukasi, na mwanao alijenga mbali?"

"Hapana. Alijenga uani kwangu."

"Kwa nini?"

Angeweza kusema ardhi imekwisha, kama anavyosema kila mtu. Sijui ni uchovu wa mlima au ni upole wa yule mama. Lukasi alijikuta anasema kweli ambayo hata mchungaji hakuwahi kuisikia.

"Nilimwomba mimi. Mama yake alikuwa amefariki, nikaogopa kukaa peke yangu."

Alipolisema hilo akalisikia kwa mara ya kwanza. Obed alikuwa na kiwanja upande wa Lupepo, kizuri, karibu na rafiki zake, karibu na kisima. Alikiacha kwa ajili ya baba. Na kwa ajili hiyo hiyo binti wa watu alikuwa amekaa miaka minane akijificha kila kengele inapolia. Lukasi alipanda baiskeli, na mteremko wote wa kwenda Kisiba alishika breki kuliko ilivyohitajika.

Kwenye kona ya mparachichi alipiga kengele mara mbili, akasimama. Tausi akauliza wanamsubiri nani. Lukasi akamweleza yote, ya kengele na ya Erasto na ya Jumamosi. Kisha akamwomba kwamba, kwa kuwa wageni hula jikoni kwa Atuganile, ampelekee ujumbe wake. Tausi akakubali, akauliza aseme nini. Lukasi akasema kwanza wale, neno atampa baadaye. Neno alikuwa nalo mdomoni, lakini liligoma kutoka.

Alikula peke yake ukumbini. Ilikuwa mbalaga, zile ndizi za kupika, na maharage, na bakuli la maziwa ya mgando. Ng'ambo, moshi ulitoka jikoni, na sauti za wanawake wawili zikaja kwa vipande. Tausi alikuwa anasimulia kitu, bila shaka habari ya mzee anayeshuka kuona mandhari. Kisha Atuganile akacheka.

Lukasi akaacha kutafuna. Kilikuwa kicheko kirefu, chenye kukohoa ndani yake, cha mtu aliyekuwa na njaa ya kucheka. Tangu Obed azikwe hakuwahi kukisikia. Alikuwa akidhani mwenye upweke katika ua ule ni yeye tu, na kwamba ule ukimya wa nyumba ya pili ni adabu. Sasa alijua kwamba ng'ambo ya hatua ishirini alikaa mtu mwingine akingoja jua lizame kama yeye, tena mwenye miaka thelathini na miwili. Aliona haya mpaka masikio yakapata moto.

Tausi alipokuja kuchukua ujumbe alikuta chakula kimebaki nusu.

"Mwambie aende," Lukasi alisema. "Mwambie nimesema mimi, si mchungaji. Na umshukuru kwa kila sahani, umwambie ndaga fijo."

Tausi alikaa jikoni muda mrefu. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na alisema ni moshi, ingawa alikuwa amezoea kazi ya wodini na haikuelekea kwamba moshi mdogo ungemshinda.

"Anashukuru," alisema. "Ana ombi moja. Anaomba hiyo kengele ya baiskeli. Anasema siku nyingi ndiyo sauti pekee aliyoisikia ikija upande wake."

Lukasi alimrudisha mgeni mjini, na jioni kwenye kona ya mparachichi alipiga kengele mara mbili kama kawaida, akavuta pumzi kumi, kisha nyingine kumi. Alipokwisha kula alichukua spana, akaifungua kengele, akaifuta kwa pindo la shati, akaiweka juu ya kigoda pamoja na sahani tupu. Akafunika kwa kawa. Asubuhi kengele ilikuwa imechukuliwa, na uji ulikuwa umeletwa.

Jumamosi Erasto alikuja na pikipiki mbili, moja ya mizigo. Alimsalimu Lukasi kwa heshima zote, akamshukuru kwa kumtunza dada yake, na Lukasi akaitikia huku akijisikia mwongo. Kisha akakaa ukumbini, akageuza kiti kikatazama ukuta wa mianzi, ili Atuganile apite uani bila shida. Alisikia mlango ukifungwa. Alisikia hatua, ndogo, za mtu aliyevaa viatu vya safari, zikapita nyuma yake, zikapunguza mwendo, zikaendelea. Angeweza kugeuka. Hakugeuka, na hata leo hajui kama alifanya vizuri.

Pikipiki zilikuwa barabarani, kwa hiyo Atuganile alitembea mpaka huko. Hatua zikapotea. Kuku wakarudi uani. Halafu, kwenye kona ya mparachichi, kengele ikalia mara mbili.

Lukasi hakuwahi kuisikia akiwa nyumbani. Miaka yote alikuwa yeye mpigaji. Kumbe kutoka hapa ililia hivyo, kwa uchangamfu, kama ya mtu anayekuja. Mwili wake ukatii kabla hajafikiri. Aliinuka upesi, akaacha kiti, akaingia ndani na kuvuta mlango, ampishe mwenzake afike.

Akasimama gizani, akavuta pumzi kumi. Hakuja mtu.