Waya wa Elfu Tatu

Tima binti Alamin hakuwa amepata kununua kitu kwa bei aliyotajiwa, na mtaa mzima wa Shela hapo Malindi ulilijua hilo. Nauli ya tuktuk aliiteremsha akiwa ameshashuka. Kwenye duka la dawa, ambako bei imebandikwa chupani, aliomba apunguziwe kwa sababu kikohozi chenyewe kilikuwa kidogo. Watu walisema ana mkono wa birika. Yeye alisema ana akili, na kwamba anayelipa bei ya kwanza humtusi muuzaji, maana humnyima mazungumzo.

Kazi yake lakini aliifanya bila choyo. Tima alikuwa mpiga picha wa kupamba, ile siku ya harusi ambayo bibi harusi hutolewa mbele ya wanawake peke yao, na mwanamume haruhusiwi hata wa kubeba maji. Mlangoni simu zote hutiwa kikapuni, kwa kuwa picha ya mwanamke kichwa wazi ikishaingia kwenye simu moja, kufika magharibi iko Mombasa, na kesho yake iko Maskati. Tima alipiga kwa kamera ya filamu aliyorithi kwa shangazi yake. Filamu aliiosha mwenyewe bafuni kwake, nyeusi na nyeupe, na baada ya wiki mbili alimkabidhi mama wa bibi harusi bahasha moja yenye picha na negativu zote. Kuanzia hapo hata Tima mwenyewe hakubaki na nakala. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake, na ndiyo iliyomlisha.

Siku ya Jumatatu, zikiwa zimebaki siku tatu Aaliya binti wa Bi Ruwaida apambwe, waya wa flashi ukafa. Ni kiwaya cheusi kisichozidi urefu wa mkono, kinachotoka kwenye kamera hadi kwenye taa. Kamera ikifumba jicho, taa hupata habari ikawaka. Upande wa kamera ulikuwa mzima. Upande wa taa ulikuwa umeliwa na kutu ya pwani, na Tima alipougusa ukamong'onyokea kiganjani. Ukumbi aliokodi Bi Ruwaida ulikuwa na mapazia mazito na taa za rangi rangi. Bila flashi, Aaliya angetoka kama paka kwenye ghala la makaa.

"Nambia mapema, Tima," Bi Ruwaida alisema habari zilipomfikia. "Kama huna taa, nimwite Lynn."

Lynn alikuwa mpiga picha mgeni mjini, msichana wa adabu zake, ila picha zake hulala kwenye kompyuta.

"Na nyumba moja ikishamzoea, nyingine zitafuata," Bi Ruwaida aliendelea. "Sikutishi, mwenzangu. Nakwambia tu."

Tima alijua anaambiwa kweli. Jumanne adhuhuri akaenda nyuma ya soko la zamani, kwa Ndirangu.

Ndirangu alikuwa mtu wa Nyahururu aliyefika pwani miaka kumi nyuma. Biashara yake ilikuwa kununua vyombo vya Waitaliano waliozeeka na kurudi kwao: mabuli ya kahawa, makasia, saa zilizosimama, na jozi mbili za viatu vya kutelezea kwenye theluji ambazo alikuwa bado anazitafutia mteja. Juu ya msumari, kando ya kamera iliyovunjika kioo, ulining'inia waya wa flashi.

"Hujambo, Ndirangu? Watoto hawajambo? Na mama watoto? Huko kwenu mvua zimenyesha?"

"Elfu tatu, mama," alisema Ndirangu, aliyekuwa ameyafuata macho yake hadi kwenye msumari.

"Sijauliza bei mimi."

"Najua. Nimekupunguzia safari."

"Kwani waya wenyewe si mzima. Hebu tazama kichwa chake kilivyolegea. Huu umekufa huu."

Katika maneno hayo Tima hakuamini hata moja. Aliyasema kama anavyosema mnunuzi yeyote juu ya kitu ambacho roho yake imeshakipenda. Ndirangu naye alikuwa ameyasikia mara nyingi, akapangusa buli.

"Elfu tatu. Ingine utatoa wapi, mama?"

Tima akaaga kwa upole na kwenda zake, kwa sababu alijua ugonjwa wa Ndirangu. Alipokuja pwani, bwana huyu aliwacheka wafanyabiashara wa sokoni kwa imani zao. Sasa alikuwa amewapita wote. Hakuna jambo lililomtisha kama mteja wa kwanza wa siku kuondoka mikono mitupu. Mteja wa kwanza sharti afungue biashara, ikiwa kwa hasara na iwe kwa hasara, la sivyo siku nzima imekufa. Baada ya mteja wa kwanza, Ndirangu hurudi kuwa jiwe.

Basi Jumatano jua lilipoanza kutoka, Tima alikuwa amesimama mbele ya kibanda, flashi yake mkobani tayari kwa kujaribia, akimtazama Ndirangu akiondoa turubai. Ndirangu alimwona, na mabega yakamshuka.

"Mama, umekuja mapema."

"Nimekuja kukufungulia. Mia sita."

"Mia sita! Elfu mbili na nusu."

"Basi nimekwenda."

"Ngoja, ngoja! Mbona unakasirika? Elfu mbili. Elfu moja na nusu. Mama, usiende hivyo asubuhi asubuhi!"

Lo, yalikuwa mazungumzo matamu. Tima aliondoka mara tatu na kuitwa mara tatu. Alipomaliza kuuliza habari za ng'ombe wa Nyahururu mmoja mmoja, Ndirangu alikuwa amefika elfu moja, jasho likimtoka.

"Elfu moja ni mwisho, mama. Haki ya Mungu."

Mwenye akili angetoa noti. Tima mwenyewe alijua kwamba angetoa noti. Lakini utamu ulikuwa umempanda kichwani.

"Mia tisa na hamsini."

Wakati wakivutana juu ya shilingi hamsini, Mzee Nzai, mfuga kuku wa jirani, alikuwa amejipenyeza kando yao na kuokota kijiko cha chai.

"Hiki ngapi? Nataka cha kupimia dawa ya kuku."

"Ishirini," alisema Ndirangu bila kugeuka.

Mzee Nzai akatoa sarafu ya ishirini, akaiweka kwenye kiganja cha Ndirangu, akaenda zake. Ndirangu aliitazama ile sarafu. Kisha akaibusu, akaitia mfukoni, akavuta kigoda na kukaa.

"Haya, mama," alisema kwa sauti ya mtu aliyepona. "Elfu tatu."

Mtaka yote hukosa yote, lakini Tima hakutaka kuambiwa. Alijisemea kwamba kesho ni Alhamisi, kupamba ni alasiri, na asubuhi yuko papo hapo wa kwanza. Akavuka kwenda kwa muuza kahawa kutuliza moyo. Kikombe cha kwanza hakijaisha, akaja kijana mrefu mwenye kamera mbili shingoni na shanga mkononi. Akaunyooshea kidole waya, akauliza neno moja, akatoa simu, akalipa. Hakuomba apunguziwe. Hakuomba aujaribu. Aliondoka nao hivyo hivyo, akiuzungusha kidoleni.

Na hapa lazima isemwe: jambo la kwanza alilohisi Tima lilikuwa furaha. Kumwona mtu akinyolewa bila maji vile, elfu tatu kavu kavu, na hata kujaribu hakujaribu! Alicheka hadi kahawa ikampalia. Angeweza kumwita, "Mwanangu, jaribu kwanza," maana flashi alikuwa nayo mkobani. Hakumwita. Ndipo akakumbuka kwamba waya uliokwenda ni wake.

Siku hiyo yote alizunguka Malindi, duka baada ya duka, akiambiwa kwamba vitu hivyo siku hizi hakuna. Alhamisi asubuhi alirudi kwa Ndirangu akiwa mdogo, akaomba namba ya simu aliyolipia yule kijana. Ndirangu alimpa bure, na hilo lilimuuma zaidi. Kijana aliitwa Oliver, mtu wa Nairobi, amepanga Kilifi. Tima alipanda gari. Hadi Matsangoni alikuwa anamtukana kimoyomoyo; alipofika Kilifi matusi yalikuwa yamekwisha, imebaki shida yake tu.

"Shikamoo, mama," alisema Oliver mlangoni, kwa bidii ya mtu aliyejifunza neno majuzi.

"Marahaba, mwanangu."

Mezani kwake kulikuwa na kamera saba za zamani, na flashi hakuna hata moja.

"Sasa ule waya uliununulia nini?"

"Niliipenda tu vile imejikunja," Oliver alisema. "Nilifikiria flashi nitapata siku moja."

Tima alimweleza yote: kupamba, kikapu cha simu, bahasha ya negativu, Bi Ruwaida, Lynn. Oliver alisikiliza mdomo wazi.

"Basi chukua tu, mama. Wewe uko na kazi nayo."

Tima akarudi nyuma hatua. Kitu cha bure! Cha bure hakirudishwi wala hakilalamikiwi, na aliyekupa akikukuta njiani hukutazama kwa huruma.

"La. Taja bei."

"Sitaki pesa, mama."

"Taja bei, mwanangu, usinivunjie heshima."

"Haya... mia moja."

"Mia moja? Kwani wauza nyanya? Elfu moja!"

"Hiyo ni nyingi sana. Mia mbili."

"Mia nane."

"Mia tatu, na hapo nimejikaza."

"Mia saba, na hapo nakuonea."

"Sawa, mama, mia tano. Hiyo ndiyo ya mwisho."

"Mia nne," alisema Tima.

Ulimi ulikuwa umerudi kwenye njia yake ya miaka yote bila kumwuliza mwenyewe. Oliver aliangua kicheko hadi akashika meza, na Tima, kwa haya, akajishughulisha na mkoba. Akatoa flashi, akachomeka waya, akaunga upande wa pili kwenye kamera mojawapo ya Oliver, akabonyeza.

Kimya. Akabonyeza tena. Akageuza, akapuliza, akasoma Bismillahi, akabonyeza. Taa ilikaa vile vile. Upande wa kamera, kile kichwa alichokisingizia siku ile kwa Ndirangu, kilikuwa kimelegea kweli.

"Imekufa?" Oliver aliuliza. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. "Na mimi nimelipa elfu tatu. Ile ilikuwa pesa yangu ya kodi."

Tima aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Angeweza kunyamaza, kijana hakujua lolote.

"Nilikuona," alisema. "Nilikuwa pale kwa muuza kahawa. Nilikuona ukilipa bila kujaribu, na flashi ilikuwa mkobani mwangu. Nikanyamaza. Tena nilifurahi, mwanangu. Nilikucheka."

Oliver akageukia dirisha. Nje jirani alikuwa akitwanga kitu, na saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasorobo. Tima akaendelea kwa haraka, kwa sababu alikuwa ameshaliona la kufanya: waya wake yeye ulikufa upande wa taa, huu wa Oliver ulikufa upande wa kamera. Ukikatwa kila mmoja na kuungwa pande mbili zilizo nzima, pengine utapatikana waya mmoja. Pengine. Huenda huu umeoza wote. Kuujua ni kuukata, na ukishakatwa hauna wa kumwuzia tena.

"Kwa hivyo kabla sijaukata," alisema Tima, "taja bei."

"Elfu tatu," Oliver alisema. Hakuwa anacheka.

Elfu tatu kwa waya uliokufa! Hoja zote zikamjia Tima ulimini kwa pamoja: waya mbovu, mteja mmoja tu duniani, nauli ya kutoka Malindi, umri wake yeye, na mia tano aliyokwisha kuitaja kijana mwenyewe. Alifumbua kinywa. Kisha akamtazama yule kijana, akakifumba. Akafungua pochi, akahesabu noti tatu za elfu, akaziweka mezani kati ya zile kamera. Mkono wake ulikuwa haujapata kufanya jambo hilo.

Halafu akatoa mkobani ule waya wake, akachukua kisu, akazikata zote mbili.

Alichuna nyaya kwa meno, akagusanisha shaba mbili. Flashi ikalipuka, ukuta mzima ukawa mweupe, na Oliver akapiga ukelele akisahau kwamba amekasirika. Walikaa chini wakaunga, yeye akishika ncha, Tima akizungusha utepe mweusi wa umeme. Waya ulitoka na nundu katikati, mbaya wa sura, ukawaka mara kumi kati ya kumi.

Alasiri Tima alifika ukumbini akitweta. Bi Ruwaida alikuwa mlangoni na kikapu cha simu, na alipouona waya uso ukamkunjuka. Wanawake wakasogea, kwa kuwa masimulizi ya bei za Tima ni sehemu ya harusi.

"Umeupata! Haya tupe. Alitaka ngapi?"

"Elfu tatu."

"Na wewe ukatoa ngapi?"

"Elfu tatu."

Mmoja alisema "Yarabi" taratibu. Bi Ruwaida akampa mwenzake kikapu, akamgusa Tima shingoni kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayempima mtoto homa. Hakuna homa. Akamtazama machoni, na kwa vile walijuana tangu chuoni wakisoma Kurani, akaelewa.

"Basi huyo mtu ulimkosea," alisema polepole.

"Nilimkosea," alisema Tima, akainua kamera, maana pazia lilikuwa linafunguliwa na Aaliya anatolewa.