Miti Kwenye Shamba la Bwasa

Kibao kile nilikibuni mimi, kwa hiyo nisianze kumtafuta mchawi. Kiliandikwa kwa rangi nyeupe juu ya ubao wa kijani: MSITU WA MAMAN ROSALIE. Tulikisimamisha Mumosho, juu ya korongo linaloteremka mpaka Ruzizi, pale njia yetu ya matembezi inapopinda na mtu anauona mto wote. Watu wa Nguba, mtaa wa wenye pesa mjini, walikipenda ajabu. Kila Jumapili wakishuka na kofia zao na viatu vipya, lazima wasimame pale wapigwe picha, na kabla hawajafika nyumbani picha iko kwenye status.

Mimi naitwa Francine. Ni responsable, yaani msimamizi, wa programu mbili za shirika letu: kurudisha miti ya asili kwenye milima iliyonyolewa kwa ajili ya makaa, na kuwatembeza watu wa mji huko huko ili wajue kwamba mlima si kitu cha kuangalia tu kutoka barazani. Zamani tulikuwa ofisi nzima, na chai ya saa nne. Tangu mambo ya mji yaharibike wafadhili walitukimbia mmoja mmoja, tukabaki mimi na Bruno, anayeendesha gari, anayetunza miche, anayeongoza watembezi, na anayenicheka nikikasirika. Nakasirika mara nyingi. Mama yangu husema nilizaliwa nikiwa tayari nimegombana na mkunga.

Rosalie ni mjane anayelima juu ya lile korongo. Tulipofika mara ya kwanza na miche ya mushebeye na muhumbahumba, miti ambayo bibi zetu waliikuta na sisi tukaimaliza, wanawake wengine walisimama mbali wakitutazama. Yeye aliweka jembe chini, akauliza, "Inapandwa namna gani?" Akapanda. Wenzake wakamfuata, upande mzima ule. Mvua zikaja na kwenda, miche ikafika kiunoni, korongo likaacha kula mashamba. Mnielewe hapo: likaacha. Katika kazi hii mtu anaweza kuzeeka asione kitu kama hicho, ndiyo maana nikamwandikia kibao.

Sasa ubaya uko hapa. Shamba si la Rosalie. Ni la bwasa, yaani la kukodi kwa msimu. Kwetu Bushi mtu wa bwasa analima maharage, anavuna, anamfanyia mwenye udongo siku zake za kazi, msimu ukiisha anaomba tena. Mti hapandi. Hata mgomba hapandi. Maharage yanaondoka na mwenyewe, lakini mti unabaki, na aliyepanda kitu cha kubaki amesema mbele ya watu wote kwamba na yeye anabaki. Ukipanda mti kwenye udongo wa mtu, unamwambia udongo ni wako.

Mtaniuliza, wewe Mushi mzima, mtu wa Bushi, hukujua? Nilijua! Chef wa kijiji alijua, Rosalie alijua, na wale wanawake wote walijua. Lakini chef alikuwa amekunywa kasiksi yetu, ile pombe ya ndizi, akasema, "Pandeni." Mimi nikaona basi amekwisha kusema na wenye mashamba, wengi wao wanaishi mjini. Yeye akaona shirika lenye gari na muhuri haliwezi kuja bila kusema nao. Rosalie akaona wakubwa wamepatana, yeye ni nani wa kuuliza. Na kuuliza kungekuwa kumwambia mwenzako usoni kwamba humwamini. Basi tukaheshimiana hivyo mpaka miti ikafika kiunoni.

Siku Rosalie aliponipigia simu nilikuwa sokoni Nyawera nanunua sukari. Alikuwa anasema polepole sana, ndipo nikajua kuna jambo.

"Maman Francine, papa Adalbert ametuma mutu. Anasema nitoke mu shamba."

"Kwa sababu gani?"

"Ile kibao. Shemeji yake alitembea na nyinyi, akapiga foto. Papa Adalbert ameona jina yangu." Halafu akasema, "Maman, maharage iko inatoa maua. Watoto watakula nini? Siko na fasi ingine."

Nikamwambia asilie, nikamwambia hakuna mtu atakayemtoa. Nilisema hivyo pale pale, na sukari mkononi, bila kujua chochote. Ndivyo nilivyo.

Papa Adalbert, mwenye shamba lile, ana duka la mabati na misumari hapo hapo Nyawera, kwa hiyo sikungoja. Nilifika nikiwa nimejiandaa kwa vita. Yeye akanipa kiti, akatuma mtu aniletee Fanta, akaniuliza habari za wazazi. Mtu akikupokea hivyo, ugomvi wako unaupeleka wapi?

"Wewe ni mutoto wa nani?"

"Wa Zagabe, papa. Wa Walungu."

"Aa bon. Basi wewe ni mutoto wa nyumbani." Akatabasamu. "Niambie, mutoto wa Zagabe. Mutu wa bwasa anapandaka muti?"

"Hapana, papa."

"Na ile jina, nani aliiandika?"

"Ni mimi."

"Voilà. Mimi niko muzee. Siku nitakufa, watoto yangu wataenda kule. Watakuta muti mukubwa, watakuta jina ya mwanamuke imeandikwa, na watu ya Nguba iko inapiga foto. Watasema shamba ni ya nani?"

Nilitaka kumchukia na sikuweza, kwa sababu mbele ya chef yeyote wa Bushi hoja hiyo ingeshinda. Nikaanza kumweleza habari za korongo, za udongo unaokwenda mtoni, za mvua. Alisikiliza yote. Aliposema, alisema tu kwamba udongo ulikuwa unashuka hata wakati wa baba yake na bado uko.

Hapo nikaleta wazo langu. Nilisema: tutang'oa kibao. Tutang'oa na miti ya shamba lako, yote. Rosalie mwenyewe ataing'oa kwa mikono yake, mbele ya chef na majirani na wewe ukiwepo, kila mtu aone kwamba hana dai kwenye udongo wako. Halafu umwache alime maharage yake kama zamani. Ilinichoma kusema hivyo. Miti ile nilikuwa naiota usingizini. Lakini nilijiambia miti nitaipanda pengine, na Rosalie hana pengine.

Papa Adalbert akainamisha kichwa. "Fanyeni vile munaona ni muzuri," akasema.

Nikatoka pale na furaha. Garini Bruno akaniuliza, "Amekubali?"

"Amesema tufanye."

"Amesema atamuacha?"

"Bruno, wewe unapenda kutafuta nzi kwenye chai safi. Washa gari."

Aliwasha. Safari hii hakunicheka.

Jumamosi asubuhi tulikuwa wote Mumosho. Chef alikuja, majirani walikuja, papa Adalbert alikuja na koti lake la misa. Bruno aling'oa kibao kwanza akakilaza kifudifudi kwenye majani. Halafu Rosalie akaingia shambani. Mushebeye ukishashika, haung'oki kirahisi. Alikuwa anaushika chini kabisa, anautikisa, anauzungumzia kwa Mashi, lugha yetu, maneno nisiyoyasikia, kisha anavuta kwa mgongo wote. Niliona anachoka, nikavua viatu nikaingia kumsaidia. Yeye hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na kamasi juu, mbele ya chef na kila mtu. Kila mti uliotoka ulitoka na bonge la udongo, na kila bonge nililiona litakwenda wapi mvua ikija.

Tulipomaliza Rosalie akasimama mbele ya papa Adalbert, mikono yake myekundu, akapiga magoti. Hapo ndipo mzee akasema, kwa sauti ile ile ya Fanta.

"Nyote mumeona. Chef, umeona. Mutu anang'oaka kitu yenye hakupanda? Amekubali yeye mwenyewe, mbele yenu, kama ni yeye alipanda mu shamba yangu. Sasa hakuna mutu atasema nilimuonea." Akamgeukia Rosalie. "Maharage, uvune. Mimi siko munyama. Ukishavuna, utoke."

Sijui nilipiga kelele gani. Najua nilimwita majina ambayo mtu hamwiti mzee, na mbele ya chef. "Papa, si ulikubali! Si tulisema pale dukani kwako!"

"Tulisema nini, mwanangu? Wewe ulisema. Mimi nilikusikiliza."

Na kweli. Hilo ndilo linaloniua mpaka leo. Nilitaka kumwendea, Bruno akanikamata mkono, na Rosalie akainuka kutoka pale chini akaniwekea kiganja chake chenye udongo mdomoni.

"Nyamaza, maman. Nyamaza sasa. Utaniharibia hata maharage."

Nikanyamaza. Chef akaangalia saa yake, akasema kwamba sheria ni sheria, akamsindikiza papa Adalbert kwenye pikipiki yake. Majirani walibaki wanaangalia ile miti iliyolala, halafu wakaangaliana wao kwa wao, halafu wakaenda nyumbani haraka kuliko walivyokuja. Mimi niliona wananihurumia. Nilikosea na hapo pia.

Siku zilizofuata nilimwendea chef mwingine wa juu yake, nikamwendea padri, nikamwendea avoka mmoja, mwanasheria anayewasaidia wanawake. Wote waliniuliza swali moja: aling'oa mwenyewe, mbele ya mashahidi? Nikijibu ndiyo, walikuwa wananipa pole. Avoka aliniambia kwamba kama Rosalie angekataa tu, akasema ni miti ya shirika, hajui kitu, labda tungepata pa kushikilia. Nikamwuliza na sasa. Akasema sasa ameshuhudia dhidi yake mwenyewe.

Jumapili nyingine nilikuwa na vijana wa kwaya walioomba matembezi tangu mwezi uliopita. Nikaona aibu kuwakatalia. Tukatangulia mimi na Bruno asubuhi mapema, tusafishe njia, tupange mahali pa kupumzikia mbali na shamba la Rosalie ili wasiulize maswali.

Gari liliposimama nikasikia watu wanafanya kazi mlimani, wengi, na hakuna aliyekuwa anaimba. Wanawake wa kwetu wakilima pamoja hawanyamazi hivyo. Nikashuka nikaenda kwenye ukingo nikatazama chini.

Walikuwa wanang'oa. Upande mzima. Kila mwanamke ameinama kwenye shamba lake la bwasa, anavuta mti wake, anasawazisha shimo kwa mguu, anatawanya majani juu yake mtu asijue kuwa palikuwa na kitu. Pembeni ya njia yetu, pale watembezi wanapopitia, miti ilikuwa imepangwa mafungu mafungu, mizizi imefungwa vizuri kwa majani ya mgomba. Mengine majani yameanza kulegea.

"Jamani!" nilipiga kelele. "Jamani, mnafanya nini? Nani amewaambia?"

Walinitazama na wakaendelea. Mmoja, maman Pascaline, ambaye hupenda sana kunitania, alikuja na fungu lake kichwani akalitua miguuni pangu kwa heshima, kwa mikono miwili, akasema, "Tunakurudishia, maman. Usitukasirikie." Kisha akarudi kuchukua mengine.

Nilitafuta hasira yangu ambayo siku zote inanitangulia, sikuiona. Bruno alikuwa amekaa kwenye bampa ya gari, uso mikononi. Kule chini, Ruzizi ilikuwa inapita na maji yake ya kahawia.

Rosalie alikuwa kwenye shamba la mwenzake, anamsaidia kuvuta muhumbahumba uliokaidi. Nikashuka mpaka kwake, nikiteleza kwenye udongo uliochimbuliwa.

"Na wewe pia, Rosalie?"

"Ni mimi niliwaambia," akasema. Hakuwa na chuki, ningeona nafuu kama angekuwa nayo. "Niliwaambia wang'oe mbio, wenye mashamba wakiwa hawajasikia, na pasikuwe mutu wa kuona. Hawa watabaki na mashamba yao, maman."

Mti ukatoka. Akautikisa udongo, akaulaza juu ya wenzake, akatoa kamba ya mgomba kiunoni.

"Shika hapa," akaniambia, "nifunge."

Nikapiga magoti nikashika.