Brashi za Upande wa Jikoni

Mama Povu alikuwa dobi wa mashuka ya zahanati, na maji yake yote yalitoka juu ya paa. Majani ya mti wa jirani yakiozea kwenye gata, mfereji wa bati unaokinga mvua ukingoni mwa paa, tangi zima linageuka rangi ya chai, na shuka likishalowa humo ndiyo basi tena. Zahanati ilishamwonya mara moja. Akirudia, kazi inakwenda kwa mwingine.

Basi akakaa na mdogo wake, fundi bati, wakakubaliana wasibishane, wajaribu. Gata la upande wa sebuleni wakalifunika kwa wavu wa chuma, la chumbani wakalijaza sponji, la jikoni wakalilazia brashi ndefu za nailoni, zile ambazo mdogo mtu alizisifia kama anaposa. Mwezi mzima, hakuna kugusa.

Mwezi ulipokwisha wakapanda wote wawili. Juu ya wavu palikuwa na majani makavu, ya kufagia tu. Sponji lilishaanza kuota majani. Brashi zilikuwa safi kama zimetoka dukani asubuhi hiyo.

"Macho unayo, dada."

"Haya, umenishinda. Weka nyumba nzima."

Mvua ya tatu ikaleta maji ya kahawia. Mashuka arobaini yakatoka na madoa. Zahanati haikugomba, ilituma gari likachukua hata yale machafu.

Alikuwa bado kaduwaa kwenye beseni pale jirani yake, mwanamke asiyepitwa na kitu, alipoegemea ukuta.

"Shoga, mbona siku hizi mdogo wako hapandi tena? Ule mwezi, ukitoka tu kupeleka mashuka, yuko juu na ndoo, anachomoa majani kwenye brashi kama anachambua mchele."

"Upande upi?"

"Wa jikoni. Nikajua umemtuma."

Mdogo wake huyo, Mama Povu ndiye aliyembeba mgongoni, si mama yao.

Jioni mdogo mtu akaingia uani na wageni wawili, mume na mke, anacheka nao. "Dada, hawa wanajenga. Wamekuja kuona brashi zetu. Hebu waambie."

Mama Povu akamvuta kando. "Ulikuwa unazisafisha."

"Nilijua ukizikubali wewe, mtaa mzima utazikubali." Aliongea chini chini. "Na nilipanga niendelee kukusafishia, dada. Wateja wakawa wengi, nikakosa nafasi."

"Kwa hiyo mimi nilikuwa tangazo."

Akawatolea wageni viti, maana hajawahi kumwacha mtu amesimama uani kwake. Kisha akafungua bomba la tangi, akajaza glasi, akampa mdogo wake mbele yao.

"Kunywa, fundi."

Mdogo mtu akaishika. Hakuinywa, wala hakuirudisha. Mama Povu alimngoja aseme neno, hata la uongo. Mwishowe yule mke akakohoa, akauliza kama kuna kitu kingine zaidi ya brashi. Mama Povu akavuta kiti, akampa mdogo wake mgongo, akaanza kumweleza yule mke habari za wavu.