Landrova ya Marehemu Tomasi

Haya alinieleza Modesta wa Kinole, msimu wa karafuu uliopita, tumekaa barazani kwake tunanyofoa vikonyo. Alikuwa bado amevaa nyeusi.

Mumewe, Tomasi, alikuwa na Landrova kuukuu ya petroli aliyoinunua misheni. Miaka yote alishusha nayo ndizi mpaka Morogoro, mwanawe Innocent kando yake. Alipofariki, na tanga kuanuliwa, wazee walikaa. Kwetu Waluguru ukoo ni wa mama, na mali ya mwanamume hurudi kwao. Gari likaenda kwa Raphael, mtoto wa dada yake Tomasi, anayenunua karanga Gairo. Innocent hakunung'unika. Alitoa funguo kwa mikono miwili.

Haukupita muda, gari likaanza kukohoa. Tambarare lilikwenda, lakini likikuta mlima na mzigo lilikatakata, mwisho likazima. Raphael akabadilisha plagi, akabadilisha koili na pointi, vyote vya kuleta moto. Akirekebisha nafasi ya pointi leo, kesho imehama. Watu wa Gairo wakamwambia hapo pana mkono wa mtu: distribyuta, kile kikombe cha nyaya kinachogawa moto kwa kila plagi, nzima imeng'olewa ikawekwa mbovu.

Akalipandisha gari Kinole kwa taabu. Alimwamkia Modesta shikamoo, akakataa kiti. Mbele ya wazee wa ukoo wake akasema Innocent arudishe kitu cha marehemu, la sivyo asikanyage tena kaburini. Na kaburi la Tomasi liko kwenye ardhi ya ukoo huo. Mtoto azuiwe hata kung'oa magugu kwenye kaburi la baba yake! Vijana wale tangu utoto hawakuwahi kusalimiana bila kutaniana. Siku hiyo hakuna aliyetania.



"Fungua mwenyewe, binamu," Innocent akasema. "Mimi sigusi."

Raphael akatoa kifuniko cha distribyuta, akashika rota, ile inayozunguka ndani yake, kwa vidole viwili, akaitikisa. Ikacheza kushoto kulia kama jino la mtoto. Akawaonyesha wazee, akasema mjomba wake asingevumilia kitu kama hicho. Innocent akamwambia aendelee, asiishie juu. Ikatoka pini, ikachomoka shafti, na ndani ya bushi, pale shafti inapozungukia, kikatoka kipande cha bati kilichokunjwa, kimelika mpaka kuwa kama ganda la kitunguu. Upande mmoja kilikuwa na rangi ya kijani.

Modesta alikitazama, akaingia ndani, akarudi na kikopo cha ugoro cha marehemu. Kifuniko cha kijani, ukingo mmoja umekatwa. Zamani alipomuuliza mumewe, alijibiwa kimeliwa na kutu, naye akaridhika.

"Kilikatwa mwaka ule daraja lilipochukuliwa na maji," akawaambia. "Huu ubovu ni wa tangu siku za Tomasi mwenyewe. Alikuwa anauziba kwa bati hili."

Raphael akauliza lilipandaje milima basi. Innocent akasema baba yake hakuacha injini ishuke sauti mlimani. Alipunguza gia mapema, akalingurumisha mpaka juu. Yeye alidhani ndio uendeshaji wa wazee, hakujua kama kuna kitu kinauguzwa, kwamba injini ikilemewa ndipo shafti inayocheza inapokata moto.

"Kwani wewe ulikuwa unaliendeshaje?"

"Polepole," Raphael akasema. "Gari la marehemu. Niliona haya kulingurumisha."

Akavua kofia. Akawaambia wazee neno lake analirudisha kinywani, na kaburi lile ni la Innocent kabla ya kuwa lake. Akamwomba binamu yake washuke naye Morogoro kwa mchonga vyuma, bushi itengenezwe upya.

Modesta alimtazama mwanawe.

"Nyie wanunua karanga," Innocent akasema mwishowe, "mnaendesha kama mnasukuma toroli."

Wazee wakacheka kidogo. Raphael hakucheka, aliinama akalia.

Jioni walikula ugali na mlenda sahani moja, wakalala chumba kimoja. Raphael alianza kukoroma, Innocent akajigeuzageuza, kisha naye akatulia. Modesta alikirudisha kile kipande ndani ya kikopo, akakifunika. Akazima taa, akashika rozari kumwombea mumewe, na usingizi ukamchukua kabla hajaimaliza.