Vyoo Mia Tatu kwa Mpigo Mmoja

Meneja alipowatembeza waandishi wa habari katika jumba jipya la michezo alianza na paa linalofunguka, akaja kwenye skrini kubwa kuliko nyumba yangu, akamalizia na viti vinavyojikunja na kuingia ukutani, ili pale palipochezwa kikapu mchana paimbwe jioni. Choo hakutaja hata kimoja. Sasa watu elfu kumi na mbili wamekaa wanakunywa soda, kipindi cha kwanza kinaisha, wote wanainuka. Wanakwenda wapi, kwenye skrini?

Fundi bomba wa jumba lile ni mimi. Msaidizi wangu ni mdogo wangu wa kiume, na ndiye aliyeninyima usingizi wiki nzima. Mabomba yake mawili yalishavuja, na Meneja alisema mbele ya watu wote kwamba likivuja la tatu ataondoka na spana zake. Ana watoto watatu na mkono mzito. Na mabomba ya ghorofa ya wakubwa aliyaunga yeye.

Mkaguzi wa majengo alikuwa na sharti moja kabla ya kuturuhusu kufungua Jumamosi: vyoo vyote mia tatu viflashiwe kwa mpigo mmoja. Nikakusanya wafagiaji, walinzi, wakata tiketi na mafundi wa taa. Hawakutosha. Mume wangu, kwa wema wake usio na akili, akaniletea ukoo wake: baba mkwe, mashangazi, mawifi na mashemeji, watu ishirini na wawili waliovaa kama wanakwenda kuposa. Baba mkwe humpi choo cha chini kama mtu baki. Nikawapeleka wote ghorofa ya wakubwa.

Baba mkwe akakagua chake, marumaru mpaka darini, kiti kinapata joto chenyewe.

"Mwanangu," akasema, "humu mtu anaweza kupanga kabisa."

"Baba, ukisikia king'ora, bonyeza tu."

"Nimesikia. Mimi si mtoto."

King'ora cha ubao wa matokeo kikalia saa nne asubuhi. Jumba zima likanguruma. Mimi, Meneja, mkaguzi na mdogo wangu tulikuwa chini ya ghorofa ya wakubwa, katika chumba cha waandishi wa habari, shingo juu tukitazama dari. Kavu. Mdogo wangu akashusha pumzi ya wiki nzima.

Shangazi mkubwa wa mume wangu akachungulia mlangoni, akaniita pembeni.

"Mama, sasa tubonyeze?"

"Hamjabonyeza?"

"Si tunamsubiri mzee! Yumo ndani, amekaa kitako, hajamaliza. Sisi tumtangulie sisi ni nani?"

Vyoo ishirini na viwili! Ukoo mzima ulikuwa umesimama juu kule, vidole kwenye vitufe, kwa adabu.

Mkaguzi alishatoa kalamu. Hakuna aliyemsikia shangazi ila mimi. Ningenyamaza tu, mdogo wangu angebaki na kazi yake, na Jumamosi ingejijua yenyewe. Niliogopa, sifichi.

"Tunarudia," nikasema. "Ghorofa ya wakubwa haijabonyeza."

Mdogo wangu alinitazama kama nimemuuza. Nikapanda ngazi mbio, nikagonga mlango wa baba mkwe.

"Baba, umemaliza?"

"Unaniharakisha?"

"Baba, nakuomba sana."

"Haya. Pigeni hicho king'ora chenu."

Kikapigwa. Dari la chumba cha waandishi likavimba, likapasuka, na Meneja, ndani ya suti aliyoinunua kwa ajili ya ufunguzi, akapokea shughuli yote ya asubuhi ya baba mkwe. Nisameheni, nilicheka. Nilicheka mpaka nilipomwona mdogo wangu. Alikuwa anavua glavu. Meneja alimnyooshea kidole tu, kidole kinachodondosha maji, naye akainama kukusanya spana zake bila kujitetea.

Nikaegemeza ngazi, nikapanda, nikaingiza kichwa na tochi kwenye tundu. Kazi ya mdogo wangu iliishia kwenye sakafu ya juu, na ilikuwa kavu, imekazwa barabara kwa ule mkono mzito. Kilichoachia ni kiungio cha chini yake. Kile nilikifunga mimi mwenyewe, siku nilipomsukuma kando nikamwambia atazame kazi ya watu wazima.

"Nani alifunga hicho?" Meneja akauliza, akijipangusa uso.

Mdogo wangu akafungua mdomo kusema ni yeye. Alishazoea.

"Mimi," nikasema. "Chake hakijatoa hata tone."

Mkaguzi akatazama saa, akasema atarudi saa nane mchana, kisha akatoka akiwa ameziba pua. Nikashuka, nikampa mdogo wangu tochi.

"Panda ukakifunge upya," nikamwambia. "Mimi nitakushikia ngazi."