Rakaa ya Tatu

Muzamili alikuwa na jambo moja la kujivunia, wala hakulificha: tangu abaleghe, hakuna swala iliyompita wakati wake. Wenzake walijenga nyumba na kununua malori. Yeye alikuwa na duka la vitenge sokoni Koboko, gari kuukuu alilobebea mzigo, na swala tano zisizo na doa. Adhana ikimkuta katikati ya bei, alimpokonya mteja kitenge, akakikunja, akafunga mlango.

Ijumaa moja, watu walipokuwa bado wamekaa msikitini, dereva wa lori aitwaye Fadhul alimwambia Sheikh Ramathan kwamba siku za kwenda Arua yeye huchelewesha Adhuhuri, akaiswali pamoja na Alasiri, rakaa mbili mbili, kama wafanyavyo wasafiri. Muzamili aliruka kama aliyeingiwa na pilipili puani.

"Msafiri gani wewe? Koboko mpaka Arua iko safari? Kilomita hamsini na kitu! Safari ya ruhusa inapita themanini. Chai ya asubuhi unakunywa hapa, ugali unakula Arua, chai ya jioni unarudi kunywa hapa, halafu unaita safari!"

"Wewe unapima barabara kama kitenge," Fadhul alisema, na watu wakacheka.

Sheikh hakucheka. "Kilomita umesema kweli, kijana. Lakini ruhusa haiko ya kilomita tu. Iko pia dharura."

"Dharura ni mlango wa wavivu," Muzamili akajibu. Sheikh alimtazama, kisha akaendelea kukunja mkeka wake.

Miezi mitatu baadaye, siku ya Jumanne, kabla kidogo ya Adhuhuri, mke wake Jamilah alianza kutokwa na damu. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Zahanati ya mtaani ikasema apelekwe Arua, upesi, na gari la wagonjwa lilikuwa limeshaondoka na mgonjwa mwingine. Gari la Muzamili lilikuwa juu ya mawe, halina gurudumu. Akakimbia huku, akakimbia kule. Gurudumu likapatikana, petroli ikapatikana. Walipotoka Koboko ilikuwa saa tisa na nusu, na katika kukimbia kote huko hakuwa ameswali Adhuhuri.

Jamilah alilazwa kiti cha nyuma, kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake, Mama Hawah. Mama huyu, kwa miaka sita ya ukwe, hakuwahi kumwita Muzamili kwa jina, wala kumpazia sauti, wala kula mbele yake. Alilelewa hivyo, na hivyo ndivyo alivyomheshimu mume wa mwanawe. Akiwa na shida naye, alimwambia Jamilah. Jamilah asipokuwepo, aliuambia ukuta, na Muzamili akasikia.

Hawajafika mbali, Muzamili akatazama saa. Alasiri ingeingia saa kumi na robo. Arua wangefika saa kumi na nusu na ushei. Akapiga hesabu mara mbili, ikatoka ile ile. Kulia kwa barabara kukatokea msikiti mdogo wa bati. Akapunguza mwendo.

"Jamilah," Mama Hawah akasema, macho kwenye kioo cha mbele, "mwambie mume wako Arua iko mbele, haiko hapa."

"Muzamili," Jamilah akasema, "nasikia baridi."

"Dakika tano tu, mama. Nikiacha Adhuhuri ipite, nitamwomba Mungu kwa mdomo gani?"

Na si kiburi peke yake kilichosema hivyo. Alikuwa anaogopa. Aliamini kabisa kwamba akiilinda swala ile, Mungu naye atamlinda Jamilah. Na akiivunja leo, siku ya leo katika siku zote, hana cha kushika.

Tangi la msikiti lilikuwa kavu. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kisima cha bomba, na wanawake wamepanga madumu. Hakuwaambia kwamba ana mgonjwa. Angesemaje? Wangemuuliza: sasa umesimama hapa unafanya nini? Akangoja kama mtu asiye na haraka, mpaka mama mmoja akamwonea huruma, akammiminia maji kwenye kopo. Akatawadha, akavuka, akaingia, akanuia rakaa nne. Nne kamili, maana Koboko mpaka Arua si safari.

Alipokuwa katika rakaa ya tatu, honi ililia.

Ililia mara moja, fupi, kama mtu anayebisha hodi kwa wakubwa. Kisha ikalia ndefu. Alijua mkono ulioibonyeza. Mama asiyeweza kuliita jina lake alikuwa ameinama juu ya kiti cha dereva, anamwita kwa kitu pekee alichokuwa nacho. Muzamili akajiambia kwamba shetani ana sauti nyingi. Akafumba macho, akaivuta Fatiha neno kwa neno, taratibu kuliko alivyowahi kuisoma maishani.

Honi ikanyamaza.

Akamaliza, akatoa salamu, akatazama saa. Zilikuwa zimebaki dakika mbili Alasiri iingie. Akafurahi. Hilo ndilo hatalisahau mpaka kaburini: alifurahi.

Arua walifika saa kumi na moja kasoro dakika tano. Jamilah alikata roho kwenye machela, hajafikishwa kwenye chumba cha upasuaji. Mtoto tumboni hakuwa na mapigo tena. Nesi mmoja, Victoria, alikuja na karatasi.

"Mulitoka Koboko saa ngapi?"

"Tisa na nusu."

Nesi akatazama saa ya ukutani, akamtazama yeye. "Barabara iko mbaya?"

"Hapana," Muzamili akasema. "Barabara iko nzuri."

Nesi akaandika.

Fadhul alikuwa Arua siku hiyo na lori lake. Aliposikia, aliliacha, akaja kuwaendeshea kurudi. Jua lilizama wakiwa njiani. Kutoka kwenye msikiti ule ule wa bati, adhana ya Magharibi ikasikika. Fadhul akapunguza mwendo.

"Tusimame, ndugu yangu?" aliuliza kwa upole, bila chembe ya kejeli, na upole ule ukamkata Muzamili kuliko matusi.

Nyuma, kichwa cha Jamilah kilikuwa bado mapajani mwa mama yake, kimefunikwa. "Fadhul," Mama Hawah akasema, "twende."

Baada ya siku saba za msiba, Muzamili alikwenda kwa Sheikh Ramathan, akamweleza yote, hata honi.

"Mutu akizama majini na wewe unaswali," sheikh akasema, "unakata swala. Unamtoa kwanza, halafu unarudi. Sisi ndivyo tulifundishwa."

"Na swala yangu ile? Ilikubaliwa?"

"Ya kukubaliwa sijui. Wakati wake uliipata."

"Sasa nifanye nini?"

"Utubu. Na uswali," mzee akasema, lakini macho aliyashusha chini.

Muzamili akafungua duka. Adhuhuri ilipoadhiniwa, alikunja kitenge, akafunga mlango, akaenda kuswali nyumbani, maana hakuweza kusimama safu moja na watu. Rakaa ya kwanza ikaenda, ya pili ikaenda. Akainuka kwa ya tatu, na honi ikalia.

Akakata swala, akakimbia nje. Gari lilikuwa pale pale, limefungwa, vumbi limelala juu ya kioo. Hapakuwa na mtu. Akarudi, akaanza upya. Rakaa ya tatu, honi. Akatoka. Akarudi. Ng'ambo ya ua, Mama Hawah alikuwa ameketi anachambua mchele. Alimwona akitoka na kuingia, na hakuuambia kitu hata ukuta.

Adhana ya Alasiri ilimkuta amesimama kando ya gari, mkono kwenye kitasa, Adhuhuri yake bado haijaswaliwa.