Mchicha Wenye Kamba

Maji yakimwagika huzoleka. Asiyeamini angekuja nyumbani kwetu akamwona mama. Maji aliyooshea mchele alinyweshea mchicha. Aliyosuuzia nyanya yalikwenda kwenye bilinganya. Aliyochemshia mayai aliyapooza kwanza, kisha akayapeleka kwenye pilipili. Na kama yalimponyoka jikoni yakamwagika sakafuni, aliyakusanya kwa tambara, akalikamua ndani ya beseni, akatoka nalo uani huku akinung'unika kwamba maji ni kama mtoto mtundu, yanatoroka lakini hayaendi mbali.

Bustani yenyewe ilikuwa huko uani, kati ya ukuta wa jirani na kamba ya kuanikia nguo. Ilikuwa ndogo, ungelala chali, kichwa kwenye mchicha, visigino vikagusa vitunguu. Lakini ilitulisha. Mama hakujua kutupa. Mabua ya mboga aliyamenya nyuzi, akayakatakata madogo kama njegere na kuyakaanga kwa kitunguu. Majani ya karoti, ambayo watu huwapa sungura, aliyatwanga na kitunguu saumu, tukayalia mkate. Mkate ukikauka aliusaga, akauweka kwenye mchuzi uwe mzito. Kaka yangu alipokuwa mdogo alimuuliza kama sisi ni maskini. "Maskini ni anayetupa," mama alimjibu, akamwongezea mchuzi.

Maji ya aina moja tu hayakuruhusiwa kuingia bustanini. Mboga za majani zikitoka kuchumwa huwa na wadudu wadogo waliojibanza chini ya jani, na mama huziloweka kwenye beseni la maji yenye chumvi mpaka wadudu waelee. Maji hayo alinifundisha, kabla sijajua kusoma, kuyamwaga kwenye nyufa za saruji nje ya mlango, yaue magugu. "Chumvi ikishaingia kwenye udongo," alisema, "haina mlango wa kutokea."

Mwanamke huyohuyo ndiye aliyeanza kuiua bustani yake kwa mikono yake.

Kwanza niliona majani ya mchicha yameungua pembeni, kama karatasi iliyopita karibu na moto. Nikalaumu jua. Kisha bilinganya zikainamisha vichwa, na juu ya udongo ukatokea ukungu mweupe mkavu. Asubuhi moja nilikuwa dirishani nikipiga mswaki, nikamwona mama ameshika beseni la bluu, lile la chumvi. Anamwaga taratibu, shina baada ya shina, anayabembeleza. "Kunyweni, wanangu. Kunyweni, jua linakuja."

Nilitoka na povu mdomoni. "Mama! Hayo ni ya chumvi!"

"Yapi?" Alichovya kidole, akaonja, akafikiri. "Haya ya mchele." Akaendelea.

Daktari alikwisha kutuambia. Ni usahaulifu, alisema, unatafuna polepole na hauna dawa. Na ulimi nao unaweza kupotewa na ladha. Tulipotoka hospitali, kaka alinivuta kando. Kaka ni kifungua mimba, mimi kitinda mimba, na katikati yetu hakuna mtu wa kutuamulia. Nyumbani tunamwita Meneja, ingawa hajawahi kusimamia mtu yeyote zaidi ya mimi.

"Wewe unashinda kazini," alisema. "Mama anabaki peke yake na jiko. Kwangu yupo mke wangu, wapo watoto. Nitamchukua."

"Kwako ghorofa ya nne. Udongo wenu ni ule wa kwenye viatu."

"Watu hawafi kwa kukosa mchicha, dada."

"Huyu atakufa."

Tulibishana mpaka kituo cha basi, tukaafikiana jambo moja. Maadamu bustani ya mama iko hai, mama anaweza kujitunza, atabaki kwake. Bustani ikifa, Meneja atakuja na gari, nami sitafungua mdomo. Nilikubali haraka kwa sababu siku ile bustani ilikuwa imefura kijani, na sikujua bado kuhusu beseni la bluu.

Nilijaribu kila kitu. Nilificha chumvi nyuma ya pipa la unga. Mama akaenda kuazima kwa jirani, akarudi na pakiti nzima. Nilibadilisha rangi za mabeseni, akazibadilisha tena. Niliamka mapema ili nimwagilie mimi. Akasimama mlangoni na kanga yake begani, akiniangalia kama mtu aliyekuta mgeni amekalia kiti chake. "Kwani mimi nimekufa?" aliniuliza. Nikamrudishia beseni. Nilichimba udongo wa juu nikaubeba kwa ndoo, nikaleta mwingine kutoka nyuma ya nyumba, nikaunywesha maji safi mpaka ukawa tope. Kesho yake alipita na chumvi yake.

Mwisho niliamua kumweleza kama mtu mzima mwenzangu. Tulikuwa jikoni, anakatakata mabua.

"Mama, maji ya kuloweka mboga, yale ya chumvi, yanakwenda wapi?"

Alicheka kwa dharau ya kimama. "Unaniuliza mimi? Yanakwenda kwenye nyufa. Nani asiyejua maji ya chumvi hayaingii bustanini? Si mimi niliyekufundisha? Siku moja ulimwaga kwenye nyanya nikakuchapa mpaka ukajikojolea."

"Ndiyo, mama."

"Chumvi ikishaingia kwenye udongo haina mlango wa kutokea." Na huku akisema hivyo aliweka kisu chini, akafuta mikono, akainua beseni la bluu, akatoka uani. Nikamsikia akimwaga. Nikamsikia akibembeleza.

Nilibaki pale na mabua. Sikuwa na la kufanya nayo, nikayamenya.

Kwenye kona ya mtaa wetu kuna mwanamke muuza mboga tunayemwita Redio, kwa kuwa habari zote huanzia kwake na hana kitufe cha kuzimia. Mchicha wake hung'olewa shambani mzimamzima, ukaja na mizizi na udongo wake, umefungwa mafungu kwa vijikamba vya nailoni. Jumamosi moja mchicha wa mwisho wa mama ulilala chini ukakataa kuinuka, na Meneja alikuwa amepiga simu kwamba Jumapili anakuja kula. Nilikwenda kwa Redio.

"Nipe mafungu yale yote. Usikate mizizi."

"Mizizi? Unapika dawa ya mapenzi?"

"Nipe tu."

Redio alinitazama juu mpaka chini, na akili yake ikafika mahali ambapo sikutaka ifike. "Shoga yangu," alisema, "watu hupanda ndipo wavune. Wewe unavuna ndipo unapanda?"

"Na ukifunga mdomo nitakuwa mteja wako mpaka kiama."

Aliufunga. Ni mara ya kwanza kusikika kimya kwenye kona ile.

Mama alipolala mchana, nilikata vile vijikamba, nikachomeka mchicha mmoja mmoja kwenye mistari yake, nikaumwagilia maji ya bomba, nikaombea kivuli. Alipoamka akatoka uani, alishika kiuno. Sijui kama mwaka ule nilimwona akicheka vile. "Umeona?" alisema. "Ulikuwa unahangaika bure na madoo yako. Mkono wangu bado ninao."

"Bado unao, mama."

Jumapili Meneja alikuja amevaa shati la pasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Mkeo anakulisha kwa picha?"

Alicheka, akaketi, akachungulia uani kupitia mlango wa jikoni. Niliona mabega yake yakishuka. Nadhani alifarijika, sitaki kumsingizia. "Bustani imestawi," alisema.

"Twende ukaione," mama akadakia. "Nikuchumie wa kupeleka nyumbani."

"Tule kwanza," nilisema. "Chakula kitapoa."

"Chakula hakina miguu." Alikwisha kutoka.

Tulimfuata. Aliinama kwenye mstari wa kwanza, akashika shina chini kabisa kama anavyofanya siku zote, akavuta kwa nguvu za mtu anayejua kwamba mchicha hushikilia ardhi. Ulitoka kama unyoya. Alipepesuka, kaka akamdaka. Na mkononi mwake, karibu na mizizi, kulikuwa na kijikamba cha nailoni na fundo lake. Kimoja tu. Nilikisahau.

Mama alikigeuzageuza. "Nani amenifungia mchicha wangu?"

Kaka alinitazama. Sikutazama popote.

Mama aling'oa mwingine, ukatoka. Akang'oa wa tatu. Akausogeza karibu na macho, akausugua udongo wa kwenye mizizi kati ya vidole, akaunusa. "Mwekundu," alisema. "Udongo wangu mimi ni mweusi." Alikaa chini, pale pale kwenye ukingo wa saruji, sketi ikiwa kwenye tope, mchicha mapajani. Zile dakika alikuwepo mzima mzima. Ningetoa chochote asiwepo.

"Wangu ulikufa lini?"

Nilimchukulia kile kijikamba mkononi.

"Nauliza. Nani aliuua?"

"Jua, mama," nilisema.

"Mwambie ukweli," kaka alisema kwa sauti ya chini.

"Jua."

"Mwambie, au nimwambie mimi."

"Ukimwambia," nilisema, "utamwambia kila siku, maana kila siku atasahau, na kila siku atasikia kwa mara ya kwanza. Haya. Anza."

Kaka alifungua mdomo. Mama alikuwa amemwinulia uso, anangoja, ameshika mizizi. Mdomo wa Meneja ukabaki wazi hivyo, mpaka akaufunga.

"Jua la mwaka huu kali," mama alisema hatimaye. Akanyoosha mkono ainuliwe.

Tulikula. Chumvi ilikuwa imetiwa, ikatiwa tena, ikatiwa tena. Kila mmoja alimaliza sahani yake, kaka akaomba nyongeza, na machozi yaliyomtoka akayasingizia pilipili. Mama alimtania kwamba mtoto wa mjini hawezi moto. Kisha kaka akaenda chumbani kwa mama, nikasikia kabati likifunguliwa, sanduku likivutwa kutoka uvunguni. Sikuinuka. Tulikuwa tumeafikiana, na bustani ilikuwa imekufa. Hata ningeinuka ningesema nini? Kwamba huko ghorofani hakuna udongo wa kuuawa na beseni lake? Hilo ndilo lililokuwa kweli, na ndilo lililoniuma.

"Tunakwenda wapi?" mama aliuliza alipoona sanduku.

"Kwangu, mama. Kupumzika kidogo."

"Kidogo," mama alirudia, akavaa viatu. Alinielekeza nisiache bustani ikauke.

Mlangoni kaka aliweka sanduku chini. Alikuwa ameshapata sauti yake ya meneja. "Umenidanganya mimi, sawa. Lakini mama umemfanya aone fahari juu ya mboga za kununua, kisha akaaibika mbele ya mwanawe. Muombe radhi. Uniombe na mimi."

Mama alitutazama mmoja baada ya mwingine. Alijua kuna ugomvi. Alikwisha kusahau wa nini. Alinishika mkono kwa mkono wake ulionuka udongo mwekundu. "Mwombe kaka yako radhi, mwanangu, yaishe. Mdogo ndiye anayeinama."

Kwa maisha yangu yote mama akisema inama, nimeinama. Nilimbusu kiganja. Nikamwangalia kaka machoni.

"Alicheka jana," nilimwambia. "Alisimama pale, mkono kiunoni, akacheka. Siombi radhi."

"Dada."

"Siombi."